Kata Kwanza, Ndipo Ubane: Kugawa Nakala ya Diski Nzima

Ndugu zangu mafundi, karibuni. Leo nina jambo moja tu. Una diski ya GB 500, unataka nakala yake nzima, kila kitu kama kilivyo, na ulichonacho mezani ni flashi kadhaa, kila moja na ukubwa wake.

Kikwazo cha kwanza mnakijua. Flashi nyingi zina mfumo wa kupanga faili uitwao FAT32, ambao ukubwa wa faili huuandika kwa biti 32. Namba kubwa inayoenea humo ni 4,294,967,295. Sasa tazameni: ukiiambia amri ya split ikate vipande vya 4G, kila kipande kinataka baiti 4,294,967,296. Umezidi kwa baiti moja! Kazi inakwama kipande cha kwanza kikiwa kinamalizikia, na flashi ya watu inasingiziwa ubovu. Andika 4000M, ulale usingizi. Mfumo wa exFAT hauna shida hiyo, ila GB 500 hata huko haziingii kwenye flashi ya 64.

Hayo hayana ubishi. Ubishi wangu uko kwenye mpangilio. Maelekezo mengi yanasema: soma diski kwa dd (amri ya kunakili data kama ilivyo), pitisha kwenye gzip (amri ya kubana, yaani kupunguza ukubwa), kisha split. Yaani unabana, halafu unakata. Vipande vikiwepo vyote, cat inaviunganisha na mambo yanakwenda. Lakini gzip hutoa mkondo mmoja, na kila sehemu inategemea iliyotangulia. Kikipotea kipande cha 10, kuanzia cha 11 hadi cha mwisho havifunguki kwa njia ya kawaida. Flashi unazo, data huna.

Kwa hiyo mimi nageuza. Split ya GNU, ile ya Linux, ina chaguo liitwalo --filter, linalopitisha kila kipande kwenye amri nyingine (/dev/sda ni diski yako):

dd if=/dev/sda bs=1M | split -b 4000M --filter='gzip > $FILE.gz' - diski-

Hapa kinakatwa kwanza, ndipo kila kipande kinabanwa peke yake: diski-aa.gz, diski-ab.gz, hadi vitimie 120. Kikiharibika kimoja, umepoteza MB 4000 zake, basi. Huna diski ya kuvishikilia vyote kwa muda? Chukua kimoja kimoja, ukibadilisha flashi katikati. Cha tatu ni hivi, ukiruka MB 8000 za vipande viwili vya kwanza (skip) na kusoma 4000 (count):

dd if=/dev/sda bs=1M skip=8000 count=4000 | gzip > diski-ac.gz

Tena fanya hivyo kompyuta ikiwa imewashwa kwa flashi ya Linux. Diski inayotumika hubadilika huku unaisoma.

Utamu uko kwenye kurudisha. Huhitaji mahali pa kuunganishia, maana kila kipande kinajua kwao:

gunzip -c diski-ac.gz | dd of=/dev/sdb bs=1M seek=8000

Hicho kinatua kwenye diski mpya (/dev/sdb), MB 8000 kutoka mwanzo kama seek inavyosema, hata kama kipande cha ab bado kiko njiani kwenye basi. Jina la diski lihakikishe mara mbili kwa lsblk, amri inayoorodhesha diski zilizopo, kwa sababu dd haiulizi.

Piga sha256sum, amri inayotoa alama ya kuhakiki kuwa faili haijabadilika, kwa vipande vyote, na orodha hiyo iwekwe kwenye kila flashi, si moja tu. Humo humo andika pia ukubwa wa kipande, 4000M. Atakayerudisha huenda si wewe, na bila namba hiyo hatajua seek aanzie wapi.