Mwaka uliotuhamishia darasa ndani ya gari

Haya wapendwa, habari za huko nyumbani? Msishtuke kuniona ndani ya gari, sijafukuzwa kwangu. Baba watoto amelala. Tangu Januari yuko zamu ya usiku, anaingia sisi tunaamka, kwa hiyo ikifika saa mbili asubuhi nyumba nzima ni kunong'ona. Na mimi sauti yangu mnaijua.

Wengi mmekuwa mkiniuliza mwaka umekwendaje, kama bado nasomesha watoto nyumbani au nimenyoosha mikono. Jibu langu ni nusu kwa nusu. Mkubwa amerudi shule, wa pili yupo nami, na huyu wa mwisho kazi yake ni kula makaratasi ya wenzake.

Mnakumbuka ile ratiba niliyowaonyesha mwaka jana? Imebandikwa ukutani, rangi tatu, kila mtoto na safu yake, kila somo na dakika zake. Niliipenda mno, pengine kuliko watoto wenyewe. Zamu ya usiku iliiua ndani ya wiki moja. Huwezi kuimbisha jedwali la kuzidisha mtu amelala chumba cha pili, na mtoto wa miaka minane hajui kufikiri kimya kimya. Ndipo tukahamia hapa. Gari limeegeshwa tu, haliendi popote. Mbele ofisi ya mwalimu mkuu, nyuma darasa. Yale maboksi mawili ya mtaala tulioununua kwa mbwembwe hayakuenea. Nikabeba vitabu vichache vya hadithi vya Kiswahili. Nisijifanye nilikuwa na hekima yoyote, nilivichukua kwa sababu ni vyembamba.

Sasa njooni kwa kijana wangu. Niliwahi kuwaambia hapa kwamba hasomi, na baadhi yenu mliniombea. Kiingereza kilimshinda. Namfundisha neno "tough", analishika vizuri kabisa. Tunafungua ukurasa, anakutana na "though", analisoma vilevile, namwambia hapana. Mbele kidogo "through", tena hapana. Alinitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Kila kanuni niliyompa ilikuwa inavunjwa ukurasa unaofuata, halafu mimi ndiye nakasirika! Akabuni ujanja wake: anatazama picha, anatunga sentensi, anakuangalia usoni kuona kama umekubali.

Humu garini tukaanza upya kama tulivyoanza sisi: ba, be, bi, bo, bu. A ni a, leo ni a, kesho ni a. Mwezi haujaisha, siku moja niko hapa mbele nahangaika na nepi ya mdogo, nasikia huko nyuma mtu anavuta silabi moja moja. Akafika kwenye "ng'ombe", akakwama.

"Mama, hiki kidude cha juu ni cha nini?"

Nikamwambia sema ngoma. Akasema. Sasa sema ng'ombe, sikiliza inatokea wapi. Akajishika pua, akasema ng'ombe, ngoma, ng'ombe, ngoma, mpaka mdogo wake akaanza kucheka. Kisha akaendelea na mstari, akamaliza ukurasa wote. Mimi sikugeuka. Niliogopa nikigeuka ataacha. Nepi nimeishika mkononi, mtoto yuko wazi, namsikiliza tu.

Baadaye ndipo nikasoma kwamba kuna utafiti wa 2003 uliolinganisha watoto wa nchi za Ulaya. Mwisho wa mwaka wa kwanza wa shule, watoto wa Kifini walikuwa wanasoma maneno ya kawaida karibu yote bila kosa, wale waliokuwa wanajifunza kwa Kiingereza kama theluthi moja tu. Ni kweli hawa wa Kiingereza huanza wakiwa wadogo zaidi, lakini tahajia yao nayo ina vichochoro. Kiswahili hakikuwemo kwenye utafiti ule, ila kwa tahajia sisi ni majirani wa Wafini. Miaka miwili yote nilikuwa na ufunguo mdomoni mwangu, nahangaika kuvunja mlango! Kiingereza sasa kinakuja, polepole, maana ameshaona kwamba kusoma si kubahatisha.

Saa nayo ilitupa vituko. Asubuhi kioo kimeshika ukungu, nikachora saa ya mishale kwa kidole, mshale mfupi kwenye 8. Nikamwambia hii ni saa mbili. Akagoma. Anaiona nane, mama yake anasema mbili. Naanza kueleza habari za kuhesabu kuanzia jua linapochomoza, dada yake akanisukuma mkono, akauvuta ule mshale kinyumenyume mpaka ukatokea upande wa pili. "Wengine wanasoma kichwa cha mshale, Kiswahili kinasoma mkia." Nane mkia wake uko kwenye mbili. Jaribuni, haikosei.

Huyo dada mtu sasa. Ana miaka kumi na mitatu. Mwezi wa tano aliniambia, bila hasira, "Mama, nataka kusoma kwenye darasa lenye watu." Mimi nikajibu vibaya. Nikasema, kwani sisi ni nini, viti? Akanyamaza siku mbili. Niliumia, siwafichi, nilihisi kama nimefukuzwa kazi. Baba yao ndiye aliyenikalisha chini, macho mekundu ya usingizi: "Ulimtoa shule kwa sababu alikuwa hayuko sawa. Sasa yuko sawa. Unamzuia kwa sababu gani?" Sikuwa na jibu. Niliosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Shule wakataka kumpima kabla ya kumpangia darasa. Hesabu aliwashangaza, yuko mbele. Kwenye kuandika ndiko tulikoanguka, na kosa ni langu. Miaka mitatu sijawahi kumpa mtihani wa kufuatana na saa. Swali la tatu alilijibu kurasa mbili nzuri kweli, kuanzia la nne mpaka la kumi hakugusa. Kwa hiyo nyie mnaosomesha nyumbani, pamoja na uhuru wote, mara mojamoja wekeni saa mezani.

Kabla sijasahau, kuna dada aliniuliza aanzie wapi, na yuko Ujerumani. Dada yangu, huko usijaribu. Sheria yao inataka mtoto aende shule yenyewe, na familia zilizopeleka kesi hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu zilishindwa, ya karibuni 2019. Sweden nao walibana sana kuanzia 2011. Marekani ni halali majimbo yote 50, ila kila jimbo na mambo yake: Texas huhitaji hata kuomba ruhusa, New York unapeleka mpango wa masomo na ripoti kila robo mwaka. Uingereza sheria ya 1996 inambebesha mzazi wajibu wa kumwelimisha mtoto, shuleni au kwa njia nyingine. Ulizia ulipo wewe kabla hujamtoa mtoto, usiige video ya mtu, hata hii yangu. Na tunza madaftari ya zamani. Yangu ndiyo yaliyotuokoa shule walipouliza binti amesoma nini muda wote huo.

Ile ratiba bado iko ukutani, sijapata moyo wa kuibandua. Safu ya binti imebaki tupu. Juzi napita na kapu la nguo nikaona mtu ameandika kwenye ile safu kwa penseli, herufi kubwa zimeinama kama zinasukumwa na upepo: "Dada yuko shule. Anarudi saa tisa." Chini yake amechora saa. Mshale mfupi kichwa chake kiko kwenye 3, na mkia ameurefusha makusudi, akaupaka rangi nyekundu, hadi kwenye 9.

Jamani, naona saa yenyewe inakaribia. Huyo hapo nyuma ananipiga mgongo, anasema tutachelewa. Funga mkanda, baba. Haya, tutaonana wiki ijayo.