Haiba ya Ellen Terry jukwaani

BARAKA: Leo tuko London, ukumbi wa Lyceum. Waliosoma Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969, wanaikumbuka hotuba ya Portia mahakamani kuhusu rehema. Mwigizaji Mwingereza Ellen Terry alimcheza Portia hapo Lyceum kuanzia Novemba 1879, Henry Irving akiwa Shylock, yule mkopeshaji anayedai ratili ya nyama ya mdeni wake, maonyesho 250. Kila aliyemwona alisifu haiba yake. Dada Zuhura, haiba hiyo ilikaa wapi hasa?

ZUHURA: Watu hudhani ni tabasamu. Hebu tazama maneno yenyewe. Portia anamwambia Shylock hana budi kurehemu. Shylock anamrudishia: nani wa kunilazimisha? Hotuba nzima ni jibu la swali hilo, kwamba rehema hailazimishwi. Mwigizaji akivuta pumzi ndefu, akawageukia watazamaji na kuanza kughani, Shylock keshampotea. Alidake swali papo hapo, macho yakiwa kwa aliyeuliza.

BARAKA: Na mizani? Maana huo ni ushairi.

ZUHURA: Mstari una silabi 10, mikazo 5, hauna vina. Sisi tuliolelewa na mizani 8 kwa 8 tumezoea kutua mwisho wa kila kipande, na hapo ndipo tunaponaswa. Mstari wa pili unaishia kwenye mvua itokayo mbinguni, ila sentensi bado; inashuka hadi mstari wa tatu, kwenye ardhi inayonyeshewa. Ukitua katikati, mvua haijafika chini. Ukivuka bila kulitilia uzito kidogo neno la mwisho, unasikika unaongea nathari. Kwa hiyo neno lile libonyeze, upite, pumzi uvute sentensi inapotulia.

BARAKA: Terry mwenyewe alitaka hotuba ile iweje?

ZUHURA: Aliandika kwamba Portia mahakamani anapaswa kuwa mtulivu sana. Lakini Irving naye alimcheza Shylock kwa utulivu na heshima. Wawili wakitulia, onyesho linalala. Ikabidi Terry auache mpango wake. Kwangu hapo ndipo fundi anapojulikana, kaka: anampima mwenzake kwanza.

BARAKA: Na haiba ikizidi?

ZUHURA: Inaudhi. Mkosoaji mmoja alilalamika kwamba kwenye onyesho la masanduku matatu, ambamo mchumba huchagua moja ili ampate Portia, Portia huyu anamwendea Bassanio, kijana anayempenda, waziwazi mno. Jambo hilo lilimsumbua Terry, lakini mimi namtetea. Portia anamsihi kijana asubiri siku moja mbili kabla ya kuchagua. Anayesihi hivyo atasimamaje kama nguzo?

BARAKA: Tumalizie na lile gauni alilovaa Terry akimcheza Lady Macbeth, katika tamthilia nyingine ya Shakespeare, Desemba 1888.

ZUHURA: Lilishonwa na Ada Nettleship, likatiwa mabawa ya mbawakawa ya kijani, kama 1,000 hivi. Sasa fikiria taa za enzi hizo. Kipande cha chokaa kinachomwa kwa mwali wa oksijeni na hidrojeni mpaka king'ae cheupe. Kila taa ina mtu wake, naye lazima akizungushe kile kipande. Akisahau, moto unakichimba upande mmoja na mwanga unafifia. Mabawa yale hubadilika rangi kwa pembe ya mwanga, kwa hiyo mvaaji akigeuka tu, mwili mzima unameta.

BARAKA: Na maneno yanapotea.

ZUHURA: Ndiyo hatari yake. Geuka kabla ya mstari au baada yake. Kwenye neno zito, gauni litulie.