Ugwe wa Mgongo Unapobanwa: Dalili Zinazotangulia Kupooza

Ndugu mwenyekiti, waganga na wauguzi wenzangu, mabibi na mabwana,

Ugwe wa mgongo, ile kamba ya neva inayopeleka amri za ubongo hadi miguuni, hupita ndani ya mfereji wa pingili, na kwa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Mfereji huo ni mwembamba, hasa sehemu ya kifua, hivyo usaha, uvimbe, damu au kipande cha mfupa kikiingia humo, ugwe hauna pa kukimbilia.

Ukiacha ajali, nitakazia visababishi viwili. Cha kwanza ni kifua kikuu cha mgongo, ambacho Percivall Pott, daktari mpasuaji wa London, alikieleza mwaka 1779. Vijidudu husafiri kwa damu, vikatafuna upande wa mbele wa pingili zilizo jirani mpaka zikaporomoka na kufanya kibiongo, huku usaha ukisukuma ugwe. Wengi wa wagonjwa hawa hawakohoi, na ndiyo maana tunawapa dawa za maumivu na kuwarudisha nyumbani. Cha pili ni saratani iliyosambaa, hususan ya matiti, ya tezi dume na ya mapafu.

Maumivu kwa kawaida hutangulia udhaifu kwa wiki au miezi. Yanayonitia shaka ni yale yanayozidi mgonjwa akijilaza, au yanayozunguka kifua au tumbo kama mkanda. Baadaye miguu huwa mizito, kandambili humvuka bila yeye kuhisi, kisha mkojo hugoma. Konzo, inayoletwa na muhogo mchungu usioandaliwa vizuri na iliyowahi kuzuka Tarime, nayo hulemaza miguu, lakini kwa kawaida hisia na mkojo husalimika.

Uchunguzi hauhitaji mashine kwanza. Mguse mgonjwa kwa ncha ya kijiti kuanzia unyayoni kupanda juu, naye aseme ni wapi anapoanza kuhisi sawasawa. Usawa wa kitovu ni eneo la neva ya kumi ya kifua, usawa wa chuchu ni la nne. Kwa kuwa ubano waweza kuwa juu ya mstari huo ambapo hisia huanza kuwa sawasawa, na pengine ukawa zaidi ya mmoja, kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani inayopigwa kwa sumaku, kipigwe mgongo mzima. Eksirei safi isitutulize, kwa sababu mfupa hupoteza sehemu kubwa ya madini yake kabla picha haijabadilika. Panapoonekana uharibifu, sampuli ya tishu ndiyo itakayotenganisha kifua kikuu na saratani.

Anayeingia kwenye matibabu akitembea ana nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kutembea, kwa hiyo rufaa iandikwe siku hiyohiyo, na mwenye kibofu kilichojaa awekewe mpira wa mkojo kabla hajapakiwa kwenye gari.