Risiti Inasema 80, Jedwali Linasema 20: Mhadhara Kuhusu Bei za Zamani za Hisa

Wakubwa zangu shikamooni, na ninyi wenzangu habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie bei za zamani za hisa: namna ya kuzisoma na namna ya kuzitumia. Nitaanza na bahasha.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja mjane alinijia na bahasha ya marehemu mumewe. Ndani mlikuwa na cheti cha hisa 300 za kampuni moja, na risiti ya dalali iliyokunjwa mara nne, wino umeanza kufifia. Risiti ilisema kila hisa ilinunuliwa kwa 80. Mtoto wa kaka yake, kijana msomi mwenye nia njema, alikuwa ameingia kwenye intaneti, akatafuta bei ya kampuni hiyo kwa tarehe ileile ya risiti, akakuta 20. Akamwambia, "Shangazi, marehemu aliibiwa na dalali." Mama yule hakuja kwangu kuulizia utajiri. Alikuja kuuliza kama kweli mumewe aliibiwa.

Hakuibiwa. Risiti ilikuwa sahihi, na jedwali nalo lilikuwa sahihi. Hapo ndipo ninapotaka tuelewane leo: bei ya zamani unayoiona kwenye jedwali mara nyingi siyo iliyotajwa sokoni siku ile. Imekwisha kurekebishwa, kwa sababu nzuri kabisa, na ukiitumia bila kujua imerekebishwa vipi utamtuhumu mtu asiye na kosa au utajipunja mwenyewe.

Tutazame kwanza mstari mmoja wa jedwali. Una tarehe, bei ya kufungulia, bei ya juu kabisa ya siku, ya chini kabisa, bei ya kufungia, na mwisho idadi ya hisa zilizobadilisha mikono. Wengi hukimbilia bei ya kufungia na kuiacha ile idadi. Mimi huanza na idadi. Bei ni makubaliano kati ya anayeuza na anayenunua, basi. Kama siku nzima zimeuzwa hisa 200 tu na bei imepanda kwa asilimia 5, huenda ni watu wawili tu waliokubaliana. Usiseme soko limeamua. Na kwa kampuni ambayo hisa zake hukaa siku tatu bila kuuzwa, bei ya leo unayoisoma inaweza kuwa ya juzi, imebebwa tu hadi leo.

Sasa turudi kwenye 80 na 20. Kampuni ikiona bei ya hisa yake imekuwa kubwa mno kwa mnunuzi wa kawaida, inaweza kuzigawa hisa. Aliyekuwa na moja anapewa mbili, na bei inashuka nusu. Hakuna aliyetajirika, hakuna aliyefilisika: ni mkate uleule, vipande vimeongezeka. Lakini grafu isiporekebishwa itaonyesha bei imeporomoka nusu kwa usiku mmoja. Ndiyo maana watunza takwimu hurudi nyuma na kuzigawa bei zote za zamani kwa kiasi hichohicho, ili mstari uwe mmoja.

Mfano ulio wazi ni Apple. Ijumaa tarehe 6 Juni 2014 hisa yake ilifunga kwenye dola 645 na senti kadhaa. Jumatatu iliyofuata ilikuwa kwenye dola 90 na kitu. Hakukuwa na msiba wowote: kila hisa moja ilikuwa imegeuka saba. Kampuni hiyo imegawa hisa zake mara tano, mwaka 1987, 2000, 2005, 2014 na 2020. Mara tatu za kwanza moja ilikuwa mbili, kisha saba, kisha nne. Zidisheni: mbili kwa mbili kwa mbili ni nane, mara saba ni 56, mara nne ni 224. Walipouza hisa kwa umma kwa mara ya kwanza, Desemba 1980, bei ilikuwa dola 22. Ukiigawa kwa 224 unapata kama senti 10, na kwa hesabu hiyo ndivyo dola 22 zile zinavyosomeka kwa hisa za sasa. Hakuna mtu aliyewahi kununua hisa ya Apple kwa senti 10 sokoni. Bei hiyo haikuwahi kutamkwa na mnunuzi yeyote. Hata hivyo ndiyo sahihi, ukitaka kulinganisha wakati ule na sasa.

Na kinyume chake kipo. Mei 2011 benki ya Marekani, Citigroup, iliunganisha kila hisa kumi kuwa moja, na bei iliyokuwa dola nne na nusu hivi ikasomeka kama 45. Anayetazama bei bila kurekebisha anaona muujiza.

Kampuni ya yule marehemu ilikuwa imegawa hisa mara mbili, kila mara moja kuwa mbili. Kwa hiyo 80 ikaandikwa 20. Lakini kijana alikuwa amekosea mahali pengine pazito zaidi: alikuwa amezidisha bei ya leo kwa hisa 300 za kwenye cheti. Hisa zilikuwa zimefika 1,200 kwenye daftari la kampuni. Shangazi yake alikuwa karibu kuambiwa kwamba mali yake ni robo ya ilivyo. Nilimwomba kalamu, nikaandika juu ya bahasha namba ya kwanza, nikaikata, nikaandika ya pili. Alikaa kimya akiitazama, kisha akauliza tena, "Kwa hiyo hakuibiwa?" Nikamwambia hapana, mama, hakuibiwa.

Marekebisho ya pili ni ya gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, na haya ni magumu kidogo kuyaona. Kampuni ikilipa gawio, pesa zinatoka kwake zinakwenda kwa wenye hisa, kwa hiyo siku ambayo mnunuzi mpya hana tena haki ya gawio hilo, bei huelekea kushuka kwa karibu kiasi kilekile. Mwaka 2004 Microsoft ililipa gawio maalumu, la mara moja, la dola 3 kwa kila hisa, zaidi ya dola bilioni 30 kwa jumla. Novemba mwaka huo, siku hisa ilipoanza kuuzwa bila gawio, bei ilishuka kutoka karibu dola 30 hadi 27 na senti. Aliyeitazama bei peke yake alimwona mwenye hisa amepata hasara, kumbe dola zake tatu zinakuja mfukoni.

Hesabu yenyewe ni hii. Hisa ilifunga kwenye 50, gawio ni 2. Chukua 48 ugawe kwa 50, unapata 0.96. Bei zote za kabla ya siku hiyo huzidishwa kwa 0.96. Likija gawio jingine, zote huzidishwa tena. Tafadhali liwekeni hili akilini: bei iliyorekebishwa kwa gawio hubadilika kila gawio linapolipwa. Wewe ukichukua takwimu Januari na mwenzako akachukua Desemba, bei ya siku moja ya miaka kumi iliyopita inaweza kutofautiana, na nyote wawili mko sawa. Nimewahi kuona watu wakigombana kwa hilo hadi kununiana. Kila unaponakili takwimu, andika umezichukua lini na zimerekebishwa kwa lipi.

Utumie bei ipi, basi? Ukitaka kujua fedha iliyowekezwa imezaa kiasi gani kwa miaka mingi, tumia iliyorekebishwa kwa mgawanyo wa hisa na kwa gawio. Ukishughulikia mirathi, kodi au kesi, unahitaji kilicholipwa kweli siku ile, kwa hiyo tafuta bei isiyorekebishwa pamoja na idadi halisi ya hisa za wakati ule. Risiti msizitupe. Nasema hivyo nikiikumbuka ile bahasha.

Sasa niseme lile linalonisumbua zaidi. Watu hutumia bei ya zamani kama kipimo cha urahisi. "Ilikuwa 90, leo 40, ni bei ya kutupa." Agosti 2000 hisa ya Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, ilifika dola 90. Katikati ya Agosti 2001 ilikuwa 40 na kitu, na wapo walionunua kwa hoja hiyohiyo. Mwishoni mwa Novemba ilikuwa chini ya dola 1, na tarehe 2 Desemba kampuni iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Aliyenunua kwa 40 alipoteza karibu kila kitu, sawasawa na aliyenunua kwa 90. Bei ya zamani haikuwa na deni lolote la kurudi.

Hata kampuni nzuri hukuchosha. Mwisho wa 1999 Microsoft ilikuwa karibu na dola 120, ambazo baada ya mgawanyo wa 2003 huandikwa kama 60. Kilele hicho hakikupitwa hadi Oktoba 2016. Karibu miaka 17! Na katika miaka hiyo kampuni haikulala, ilikuwa ikitengeneza faida kubwa. Waliokosea ni walioinunua wakati bei imeitangulia faida kwa mbali. Ndiyo sababu huwa siitazami grafu ya bei bila kuweka pembeni yake faida kwa kila hisa ya miaka ileile.

Tena kumbukeni kwamba orodha ya kampuni zilizopo leo haina marehemu. Ukichukua kampuni zinazouzwa sasa na kuhesabu zilivyofanya kwa miaka 30, umewahoji waliopona tu.

Kuhusu grafu nitasema kwa kifupi. Ikiwa ni ya miaka mingi, chagueni kipimo ambacho umbali sawa ni asilimia sawa. Tarehe 19 Oktoba 1987 kipimo cha soko la Marekani, Dow Jones, kilishuka pointi 508, ambazo zilikuwa asilimia 22.6 kwa siku moja. Kwenye grafu ya kawaida inayofika hadi leo, siku ile inaonekana kama mkwaruzo.

Kabla ya wiki ijayo chukueni kampuni moja mnayotaka kuinunua. Tafuteni kilele chake kimoja na shimo lililofuata, mpige asilimia, mhesabu ilichukua miezi mingapi kurudi, kama ilirudi. Ikishuka asilimia 50 inahitaji kupanda 100 kufika ilipokuwa. Mkishapata jibu, chukueni fedha mnayokusudia kuweka, ikateni kwa asilimia hiyo ya anguko, muandike kiasi kinachobaki kwenye karatasi, kwa mkono. Njooni nazo hizo karatasi, tutazisoma pamoja.