Namna ya kupokea sanduku la wazee katika chumba cha nyaraka cha chuo kikuu

Karibuni, watazamaji. Mezani hapa mnaliona sanduku la bati la aina ambayo familia nyingi za pwani huiweka uvunguni mwa kitanda. Ndani yake mna madaftari matatu ya Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu, barua zilizofungwa kwa uzi, picha kumi na mbili zisizo na maelezo, na kaseti saba zenye sauti za wazee. Sanduku hili tumeliandaa kwa ajili ya mafunzo, na tutalifuata tangu linapofika mlangoni hadi siku ambayo msomaji wa kwanza atakapoomba kuliona.

Kabla ya kulifungua, kumbukeni kwa nini kazi hii inafanywa chuoni. Kwa muda mrefu maandishi mengi kuhusu Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 yalikuwa ya maofisa wa Kijerumani na ya wamisionari. Mwaka 1968 wanafunzi wa Idara ya Historia ya Dar es Salaam walikwenda vijijini kusini mwa Tanzania kuwauliza wazee waliokuwa wamevishuhudia au waliosimuliwa na wazazi wao. Wasimulizi wale leo hawapo, lakini maneno yao bado yanatumika, kwa sababu pamoja na masimulizi yalihifadhiwa majina ya waliosimulia na mahali walipohojiwa. Masimulizi yasiyo na habari hizo msomaji hawezi kuyapima, hata karatasi yake ikiwa safi namna gani.

Ndiyo maana hatua ya kwanza haihusu karatasi kabisa. Keti na aliyelileta sanduku, msalimiane kama inavyopasa, usiwe na haraka, kisha umuulize nani aliyaandika madaftari, nani alishika kinasa sauti, sanduku lilipitia mikono ya nani na lini. Yaandike majibu yake palepale kwa maneno yake mwenyewe. Baada ya hapo jadilianeni masharti. Familia inaweza kukipa chuo vitu hivi moja kwa moja, inaweza kuviweka amana, au inaweza kuruhusu vinakiliwe na asili zirudi nyumbani. Wahifadhi wengi huutazama mpango huu wa mwisho kama kushindwa. Mimi naona kwamba kwa madaftari ya dua na nasaba mara nyingi ndio ulio bora, kwa kuwa vitu hivyo bado vinatumika nyumbani, na familia inayoviona vikirudi salama haitasita kuleta vingine.

Fomu ya makubaliano iandikwe kwa Kiswahili na isomwe kwa sauti kabla ya kutiwa saini. Nchini Kenya kuna sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za jadi, na nchi zote mbili, Kenya na Tanzania, zina sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ikiwa ya 2019 na ya Tanzania ya 2022. Hata hivyo sheria haitakuambia kila kitu. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina majalada ya Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni Tanganyika, na katika kazi zake aliandika mengi kuhusu mila, yakiwemo mafunzo ya jando na unyago. Mafunzo hayo hutolewa kwa watu maalumu na kwa wakati maalumu. Kwa hiyo muulize mtoaji waziwazi: je, yamo humu mambo ambayo mwanamume hapaswi kuyasikia, au ambayo mtoto hapaswi kuyasoma? Jibu lake liingie kwenye fomu kama sharti la matumizi, likiwa na jina la mtu au baraza linaloweza kulilegeza baadaye.

Hatua ya pili ni karantini. Sanduku lisiingie ghalani siku hiyo hiyo. Lifungulie katika chumba cha pembeni, juu ya karatasi nyeupe, utazame kama kuna vumbi laini mfano wa unga, mayai ya mende au udongo wa mchwa. Karatasi zenye wadudu hai zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, ziwekwe kwenye friza yenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, na zikitolewa zikae siku nzima bila mfuko kufunguliwa, ili matone ya maji yatande nje ya plastiki na si juu ya wino. Picha na kaseti zisiingie humo.

Usafishaji wenyewe ni mwepesi kuueleza: brashi laini, mkono safi na mkavu, na subira. Ondoa pini na klipu zenye kutu kwa kuinua chuma taratibu kutoka kwenye karatasi, usivute karatasi kutoka kwenye chuma. Usibandike utepe wa gundi mahali palipochanika, na nawasihi sana msipitishe hati kwenye mashine ya laminesheni, kwa maana kinachoingia humo hakitoki tena kikiwa kizima. Maandishi yoyote unayoongeza yawe ya penseli.

Zipangeni karatasi kwa mpangilio mliozikuta nao. Barua zilizofungwa pamoja kwa uzi zilifungwa na mtu aliyekuwa na sababu yake, na ukizitawanya ili zifuate tarehe utakuwa umeifuta sababu hiyo. Tumieni bahasha na maboksi yasiyo na asidi. Ghalani, unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 kwa muda mrefu ukungu huanza kuota, na katika miji ya pwani kiwango hicho hufikiwa bila shida. Kiyoyozi kinachowashwa asubuhi na kuzimwa jioni kila siku kina madhara yake pia, kwa sababu karatasi inatanuka na kusinyaa bila kupumzika. Ikiwa umeme hautoshi usiku na mchana, heri feni na madirisha yenye nyavu.

Sasa tuzitazame kaseti. Kabla ya yote vunjeni vile vibanzi viwili vidogo vilivyo kwenye ukingo wa juu wa kaseti, ili asitokee mtu wa kubonyeza kitufe kimoja na kurekodi juu ya sauti ya marehemu. Kaseti yenye ukungu isichezwe. Zilizo nzima zinakiliwe kwa faili la WAV la biti 24 na kilohezi 96, zikiwemo kikohozi, jogoo na maneno ya pembeni. Niliwahi kuzisafisha kaseti kadhaa kwa pamoja na kuzirudisha katika makasha yasiyo yake, na ilinichukua wiki nzima ya kusikiliza kugundua nani ni nani. Tangu hapo naandika namba kwenye kaseti yenyewe kabla ya kuitoa kwenye kasha. J. W. T. Allen, aliyekusanya miswada ya pwani katika miaka ya 1960 kwa ajili ya maktaba ya Dar es Salaam, aliiorodhesha pamoja na kanda za sauti katika katalogi moja iliyochapishwa mwaka 1970. Huo ni utaratibu mzuri, kwani utenzi uliomo daftarini huenda umeghaniwa kwenye kaseti iliyo kando yake.

Madaftari na picha zipigwe skani kwa nukta 400 kwa inchi katika faili la TIFF, na nakala tatu zikae mahali tofauti, moja nje ya jengo.

Inayochukua muda mrefu kuliko zote ni hatua ya maelezo. Msiharakishe kuyageuza madaftari kuwa hati za Kilatini na kuziacha picha zake za skani. Katika uandishi wa zamani, p na b ziliweza kuandikwa kwa herufi moja, e ilifanana na i, na sauti ya m iliyotangulia b mara nyingi haikuandikwa, hivyo neno "pembe" laweza kuonekana sawasawa na "bibi". Usomaji wako ni maoni, na msomaji lazima aione asili ili aweze kukupinga. Tarehe ya Hijria iandikwe kama ilivyo, kisha ifuatiwe na ya Miladia: Ramadhani ya 1340 iliangukia mwaka 1922. Majina ya mahali yaandikwe kama wenyeji wanavyoyataja, na jina la serikali lifuate. Ikiwa hati ya kikoloni inawaita watu "waasi", neno hilo libaki ndani ya alama za kunukuu, na katalogi itumie jina ambalo watu wenyewe wanalitumia. Kwa picha zisizo na maelezo, andikeni "hajatambuliwa" badala ya kubahatisha.

Maelezo hayo yakishakamilika, chapisheni nakala zake na mzirudishe kijijini pamoja na sauti, mkiwa na spika ndogo na daftari tupu. Wachezeeni wazee kaseti, wapeni picha mkononi, na mnyamaze. Bibi mmoja akisema kwamba anayeimba si huyo mliyemwandika bali ni dadake, andikeni masahihisho hayo kwenye katalogi pamoja na jina lake, iwapo ameruhusu, na tarehe ya siku hiyo, bila kufuta maelezo ya awali. Baada ya hapo ndipo sanduku hupewa namba yake ya mwisho na kuwekwa wazi kwa wasomaji, likiwa na masharti yote ambayo familia iliyatia saini.