Seva Yako Inampigia Nani?

Mabibi na mabwana, tuanze na amri moja ya Linux inayoorodhesha miunganisho ya mtandao ya seva yako na programu inayomiliki kila mmoja: `sudo ss -tnp`. Msisahau sudo, yaani mamlaka ya msimamizi. Bila hiyo, safu ya programu hubaki tupu kwa kila mchakato usio wako. Utaona anwani za IP, usione nani kafungua mlango.

Kazi ya seva ya tovuti ni kupokea wageni. Wateja hubisha poti (milango yenye namba) 80 na 443, fundi huingia kwa 22. Kwa hiyo anwani ngeni upande wa kulia, zilizo za upande wa pili wa muunganisho, zisiwashtue. Hata anwani moja ikiwa na miunganisho 80, ngoja kwanza. Hapa Nairobi wengi huingia mtandaoni kwa simu, na kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ukiifunga, umewafungia nje watu wa mtaa mzima. Ukitumia `sudo ss -tanp` utaona hali nyingine pia. TIME-WAIT nyingi, yaani miunganisho iliyokwisha kufungwa, si ugonjwa, Linux huzifuta baada ya sekunde 60. SYN-RECV, yaani wanaobisha bila kukamilisha kuingia, wakiwa mamia kwa mamia, hayo ndiyo mafuriko ya shambulio.

Swali zito ni hili: seva yenyewe inampigia nani? Tazama kushoto, kwenye poti ya seva yako. Poti ikiwa 443, mgeni amekuja. Ikiwa namba kubwa kama 48212, basi karibu kila mara seva ndiyo iliyoanza. Duka linalopokea M-Pesa litapiga Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, kwa poti 443 ya upande wa pili, na hiyo ni halali. Lakini www-data, mtumiaji anayeendesha Apache (programu ya tovuti) kwenye Ubuntu, anatafuta nini poti 25 ya barua pepe kama si kumwaga barua taka? Poti 3333 mara nyingi ni uchimbaji wa sarafu, na 4444 ndiyo Metasploit, zana ya udukuzi, huanza nayo isipobadilishwa. Msizikariri kama aya, kwani mdukuzi mwerevu hupita 443 kama mteja yeyote. Kinga ni orodha ya mahali seva inapaswa kupiga, iliyoandikwa siku mambo yakiwa shwari.

Ukipata mchakato wa kutilia shaka, usiuue. Chukua namba yake (pid kwenye matokeo ya ss), tuseme 2731, uandike `sudo ls -l /proc/2731/exe`. Njia ikielekea /tmp au /dev/shm, folda za vitu vya muda, una tatizo. Neno "(deleted)" ni gumu kidogo: huenda mtu kafuta nyayo, huenda umesasisha kifurushi hukuanzisha huduma upya. Ipo pia michakato inayojiita [kworker]. Kworker wa kweli ni wa kerneli, kiini cha Linux, hana faili. Ukiona njia ya faili hapo, huyo ni bandia. Nakili ushahidi kwa `sudo cp /proc/2731/exe /root/ushahidi`. Amri hiyo hufanya kazi hata faili likiwa limefutwa.

Udhaifu wa ss ni kwamba hupiga picha moja tu. Kinachopiga sekunde moja kila dakika 10 kitakuponyoka. Kama nftables yako (ukuta wa moto wa Linux) ina jedwali la inet filter lenye mnyororo wa output, ifanye iandike kila muunganisho mpya wa www-data kwenda nje:

`sudo nft 'add rule inet filter output oifname != "lo" meta skuid "www-data" ct state new log prefix "NJE: "'`

Kisha soma `journalctl -k`. Sehemu ya "lo" huondoa mazungumzo ya ndani na hifadhidata ya MySQL, la sivyo logi itafurika.

Aliyepata mamlaka ya root, yaani mamlaka yote juu ya seva, anaweza kuifanya ss ikudanganye, kwa hiyo linganisha na kinachoonekana kwenye ukuta wa moto ulio nje ya seva. Na kama data za wateja zimechukuliwa na kuna hatari ya kweli ya kuwadhuru, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa saa 72 tangu ujue, umjulishe Kamishna wa Data.