El Pibe Hakuzaliwa Buenos Aires

Asanteni. Nawaona pale nyuma mmeanza kucheka kabla sijafungua mdomo, kwa kuwa hoja yangu mnaijua: Kihispania hakina neno moja sahihi la kijana, kila mahali pana lake. Chekeni tu. Nitaiacha siku nitakayoona kitabu cha kiada kisichodai kwamba kijana kwa Kihispania ni "muchacho", basi, somo limekwisha. "Muchacho" ni neno zuri, utaeleweka nalo popote. Lakini vijana wenyewe wakiwa kijiweni wanaitana hivyo? Nendeni mkasikilize.

Nianze na mpira, maana huko ndiko mnakonisikiliza. Carlos Valderrama wa Kolombia, yule wa manywele ya manjano, nahodha wa taifa lake kwenye Kombe la Dunia mwaka 1990, 1994 na 1998. Jina lake la utani ni "El Pibe", yaani Kijana. Sasa huyu bwana kwao ni Santa Marta, pwani ya Karibi, na pwani ile kijana huitwa "pelao". Asili yake ni aliyenyolewa, kipara kabisa. Hebu fikirieni lile kichwa, halafu umwite Kipara! Lakini si hicho kilichomkosesha jina la kwao. "Pibe" ni neno la Buenos Aires, la kina Maradona, ambaye waliita "Pibe de Oro", Kijana wa Dhahabu. Limefikaje Santa Marta? Kwa njia ya mpira, nawaambia. Waajentina wamecheza na kufundisha soka Kolombia kwa miaka mingi. Alfredo Di Stéfano, nyota wa Ajentina, alitua klabu ya Millonarios ya Bogotá mwaka 1949, wachezaji walipogoma kwao, na hakuja peke yake. Watu wakija kucheza huja na midomo yao.

Na msidhani "pibe" limeota Buenos Aires. Wanaofuatilia asili za maneno wengi wanalipeleka Italia, kwa watu wa Genoa waliomiminika bandarini pale karne ya 19. Kwa hiyo mtu wa Karibi anatembea na jina la Muajentina, naye Muajentina alilipata kwa Mtaliano aliyeshuka melini. Halafu mtu ananiuliza neno lipi ndilo Kihispania "halisi"!

Kuna mmoja atasema: hayo ya zamani, siku hizi kuna televisheni na simu, wote watasema lugha moja. Haya. Tangu miaka ya 1970 vichekesho vya "El Chavo del Ocho" kutoka Meksiko vimeonyeshwa karibu Amerika ya Kilatini yote. Mtoto wa Lima anamjua Chavo, wa Buenos Aires anamjua, wa Caracas anamjua. Wote wanajua kwamba "chavo" kwa Wameksiko ni kijana. Televisheni ikizimwa, wa Lima anarudi kuwa "chibolo", wa Buenos Aires "pibe", wa Caracas "chamo". Kuelewa neno la jirani ni jambo moja, kulitia kinywani mwako ni jingine. Nyinyi mnalijua hilo vizuri. Kijana wa Nairobi akikwambia "yule chali", wewe wa Dar unamtafuta aliyelala chali. Ukishaeleweshwa unacheka, halafu unaendelea kusema "dogo".

Kinachonikera hasa ni wale wanaosema maneno haya ni Kihispania kilichoharibika. Chuo cha Kifalme cha lugha kilianzishwa Madrid mwaka 1713, kauli mbiu yake ni kusafisha, kuimarisha na kung'arisha. Nasema: safisheni tuone mtabaki na nini! "Chaval" la hapohapo Hispania wamelichukua kwa Waroma, si watu wa Roma bali wale wanaoitwa Wajipsi, ambao Wahispania waliwabeza kwa karne nyingi. "Escuincle" la Meksiko limetoka Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa huko, lilikuwa neno la mbwa, na mama aliyechoshwa na kelele za wanawe bado analitumia kwa roho ileile. "Guambra" la milima ya Ekuado ni Kikichwa, nayo ni lugha ya wenyeji. "Gurí" la Uruguay na kaskazini-mashariki mwa Ajentina ni Kiguarani, lugha ya wenyeji pia. Ukitaka kujua Wahispania waliishi na nani, sikiliza wanavyoita watoto.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nakimbia.

Hatari. Kuna maneno hayavuki mpaka salama, na wazee mnisamehe. "Cipote" Honduras na El Salvador ni mtoto tu, mama anamwita mwanawe aje kula. Hispania ni sehemu za siri za mwanamume. "Güila" Kosta Rika ni mtoto, Meksiko ni kahaba. "Pendejo" Ajentina ni kijana, kwa kumdharau kidogo. Meksiko ni mpumbavu, na unaweza kupigwa. Wakalimani mlioko hapa, mkishindwa yote shikeni hayo matatu. Msiulize "neno hili maana yake nini" kabla hamjauliza anayelisema ametoka wapi.

Nilitaka kugusa ya wasichana, maana "piba" na "chava" yana mambo yake, na pia nilitaka kuuliza mtu anaacha kuitwa "pibe" akiwa na umri gani, kwa sababu Valderrama ni mzee wa miaka sitini na ushee na bado wanamwita hivyo. Muda hakuna.

Maswali basi. Ila yule kijana wa mbele, naona umeshanyoosha mkono: kama unataka kuniuliza lipi ndilo sahihi, ushushe.